Jitu Lililosemekana Linapumua

Kimo changu kinaishia begani mwa mke wangu. Kwa hiyo wanafunzi waliponibandika jina la Jitu, kila aliyelisikia alicheka kwanza kabla ya kuuliza sababu. Sababu ilikuwa nyota.

Nyota yenyewe haina jina. Ina namba tu kwenye orodha, namba ndefu kama ya kitambulisho. Wataalamu huita nyota za aina yake majitu ya rangi ya chungwa. Ni nyota zilizozeeka. Zimemaliza kuni zilizokuwa katikati, zikavimba, na zilivyovimba ngozi zao zikapoa. Uso wa Jua letu una joto la nyuzi kama elfu tano na mia tano. Wa nyota yangu haufiki hata elfu nne na mia mbili, ndiyo maana haiwaki nyeupe bali ina wekundu uliofifia, kama kaa linaloanza kushika jivu. Upana wake ungemeza majua ishirini yaliyopangwa safu moja. Mwanga wake ni wa majua zaidi ya mia. Na pamoja na ukubwa wote huo, iko mbali kiasi kwamba mwanga unaoiacha leo utafika kwetu baada ya miaka mia sita. Ukisimama nje mahali pasipo taa, ukajua hasa pa kutazama, labda utaiona. Labda.

Niliichagua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nilikuwa nimekaa idarani miaka tisa bila kuandika jambo lolote la kukumbukwa. Wenzangu walipanda vyeo, nami nikibaki kufundisha mwaka wa kwanza namna ya kupima urefu wa meza.

Juu ya paa la idara tulikuwa na darubini moja ya wastani, yenye kamera. Aliyeihudumia alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, mkubwa wangu kwa miaka sita, ambaye sote tulimwita Fundi. Shule aliishia kidato cha pili. Alikuja idarani kama mfagizi, akawa anasimama nyuma ya mafundi akitazama wanavyofungua vyombo, na mafundi walipostaafu mmoja mmoja ikaonekana kwamba aliyebaki anayejua kuvifunga ni yeye. Kila jua likizama alikuwa ameshafungua paa na kuielekeza darubini, na asubuhi nikifika nilikuta picha zote zimepangwa kwenye kompyuta yangu, zina tarehe, saa na hali ya mawingu. Mbele za watu aliniita Daktari. Tukiwa wawili aliniita mdogo wangu, na akinikuta sijanywa chai alinigombeza.

Kupima mwanga wa nyota ni kazi ya kulinganisha. Huwezi kuitazama nyota peke yake ukasema imeongezeka au imepungua, maana vumbi na unyevu wa hewa hubadilika kila siku. Unachagua nyota jirani ambayo inajulikana kuwa imetulia, unapima zote mbili kwenye picha moja, unatazama tofauti. Nami nikachagua jirani mmoja mweupe, aliye karibu kabisa na jitu langu.

Baada ya miaka miwili nikaliona. Kila siku ya kumi na moja, kwa saa chache, jitu lilikuwa linaongeza mwanga, kisha linarudi lilivyokuwa. Halikukosea hata mara moja. Majitu ya aina hiyo hayana tabia hiyo, na hakuna kitabu kilichoieleza. Nikachora mchoro wangu wa kwanza. Nikaandika makala, jarida moja likaikubali. Redio ikanipigia simu, na mtangazaji aliponiomba nieleze kwa lugha ya mtu wa kawaida, nikasema, “Jitu linapumua.” Maneno hayo yakapendwa. Wiki ile ile nilikuwa Jitu kwa chuo kizima, na ninakiri kwamba kichwa kilinivimba.

Asubuhi moja, siku tisa kabla ya mhadhara mkubwa ambao Mkuu wa Idara alikuwa ameniandalia, Fundi aliingia ofisini kwangu akiwa na daftari lake la mistari ya mraba. Alifunga mlango.

“Mdogo wangu, kaa.”

“Nimekaa, Fundi.”

“Nina jambo. Sijui kulisema kitaalamu, wewe utanisaidia.” Akafungua daftari. “Mimi nikiwa juu kule huwa sina kazi kamera ikishaanza. Nikasema ngoja nami nijaribu. Nikaipima nyota yako, lakini sikutumia yule jirani yako mweupe. Nilitumia huyu wa chini, wa pembeni. Tazama.”

Nilitazama. Alikuwa amechora kwa penseli, nukta moja moja, miezi minne mizima. Mstari wa jitu ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

“Jitu lako halifanyi kitu,” alisema kwa upole. “Limetulia tu. Anayecheza ni yule jirani. Kila siku ya kumi na moja yeye ndiye anayepungua, kwa hiyo ukilinganisha naye unaona kama jitu limepanda. Mimi nadhani pale ni nyota mbili zinazungukana, moja inamziba mwenzake. Lakini hilo utalijua wewe.”

Nilimrudishia daftari lake.

“Nitaangalia,” nikasema.

“Angalia mapema. Mhadhara unakuja.”

“Nimesema nitaangalia, Fundi.”

Na niliangalia. Hapa ndipo penye aibu yangu, na nataka niipange vizuri ili mtu asidhani kwamba nilipitiwa. Mchana uleule, watu walipokwenda kula, nilifungua picha zangu mwenyewe na kuanza kupima upya kwa kutumia nyota ile ya pembeni. Nilipima siku kumi, nilizozichagua katika miezi mbalimbali. Katika siku hizo kumi mbili zilikuwa za “pumzi”. Sikuona pumzi. Nukta zote kumi zilikaa sawa, zimelala kwenye mstari mmoja. Nilizitazama kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha nikalifunga lile faili bila kulihifadhi. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nikabofya ndiyo.

Nilijiambia kwamba siku kumi ni chache. Nilijiambia kwamba nyota ya pembeni ni hafifu mno, kipimo chake si cha kuaminika. Nilijiambia mengi, na yote nilijiambia nikijua.

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa. Walikuja wahadhiri wa vyuo vingine, walimu wa sekondari, watu wa magazeti, na safu nzima ya wanafunzi wa shule anayosoma binti yangu. Yeye mwenyewe alikaa katikati yao, amenyoosha shingo, ana miaka kumi na sita na hajawahi kumwona baba yake akipigiwa makofi. Nilizungumza saa nzima. Nilieleza joto la jitu, upana wake, umri wake, na mwishowe pumzi zake. Makofi yakapigwa. Mkuu wa Idara akauliza kama kuna maswali.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Fundi alinyoosha mkono. Alikuwa amevaa koti lake la kazi la buluu.

“Daktari,” alisema, “naomba kuuliza. Ile nyota tunayolinganishia, tuna hakika imetulia?”

Lilikuwa swali la heshima kupita kiasi. Hakusema nilichokosea. Alinifungulia mlango, nipite mwenyewe. Ningeweza kusema, “Swali zuri, bado tunalichunguza.” Maneno manne tu yangetosha. Badala yake nikaona nyuso mia mbili zimenigeukia, nikaona kalamu za magazeti, nikatabasamu.

“Tumpigie makofi Fundi wetu,” nikasema. “Hakuna anayefuta vioo kama yeye hapa nchini. Lakini, Fundi, tukubaliane: wewe utufutie darubini, sisi tutatazama.”

Ukumbi uliangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo; walicheka kwa raha, kama watu wanaocheka pamoja na mtu. Fundi alishusha mkono taratibu, akautazama kidogo kama vile si wake, akakaa. Mkuu wa Idara akaita swali lingine.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani binti yangu aliniuliza, “Baba, yule mama alikuwa anasema kweli?”

“Hapana,” nikamjibu. “Yule hajasoma.”

Fundi aliendelea na kazi wiki tatu. Picha zilikuja kama kawaida, zina tarehe, saa na mawingu. Tofauti ilikuwa moja: hata tukiwa wawili, nilikuwa Daktari. Kisha siku moja nikakuta funguo za paa juu ya meza yangu, na karatasi ya Utumishi ikisema ameomba kuacha kazi. Mhudumu wa ofisi akaniambia amefungua chumba cha kutengeneza miwani mtaa wa nyuma ya posta. Nikasema, “Mungu amjalie.” Nilikuwa nimevaa miwani ya mbao kweli kweli.

Barua ilikuja mwezi wa tano. Iliandikwa na watu wawili wa chuo cha mbali, wenye darubini kubwa kuliko yetu mara sita. Walikuwa na adabu. Walisema wameyapenda maelezo yangu kuhusu joto na ukubwa wa jitu, na hayo yanakubaliana na vipimo vyao. Lakini kuhusu kupumua, wao wamelitazama jitu msimu mzima na hawakuona badiliko lolote. Waliloliona ni kwamba jirani mweupe ni nyota mbili zinazozibana kila siku kumi na moja. Je, ningependa kurekebisha mwenyewe kabla hawajachapisha?

Mkuu wa Idara aliisoma akiwa amesimama, kisha akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu.

“Hili halijawa janga,” alisema. “Sema ni chombo. Kamera ilikuwa na hitilafu, haikutunzwa sawasawa. Aliyekuwa akiitunza ameshaondoka, wala hana cha kupoteza. Andika ukurasa mmoja, mimi nitatia sahihi pamoja nawe.”

Nami nikauandika. Lazima niliseme hilo pia. Nilikaa nikaandika kwamba “upungufu katika utunzaji wa kifaa” ndio ulioleta kosa. Ilikuwa sentensi nzuri, imepigwa pasi. Nilipotaka kuweka tarehe za huo upungufu nikapanda chumba cha juu kutafuta kumbukumbu za usafi, na katika kabati nikakuta madaftari ya Fundi, aliyaacha yote, maana aliyahesabu kuwa mali ya idara. Nilifungua la mwisho. Kulikuwa na safu ya usafi wa lenzi, kama ilivyokuwa katika yote yaliyotangulia: kila siku ya tatu, bila kuruka, miaka kumi na nne. Na pembeni ya tarehe moja ninayoijua, kwa mwandiko wake wa duara: *Leo nimemwambia. Amesema ataangalia. Nimefurahi.*

Nilikaa chini kwenye sakafu. Sikulia, nisijisifu. Nilihisi joto tu linanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni, kama mtoto aliyefumaniwa na mkono ndani ya sufuria, ila mimi sikuwa mtoto na hakuna aliyekuwa amenifumania. Neno lile la mwisho ndilo lililonimaliza. Alifurahi. Alidhani ameniokoa.

Nikaichana ile barua ya ukurasa mmoja, nikashuka.

Chumba cha Fundi kilikuwa kati ya muuza vitambaa na mtengeneza saa. Kilikuwa na kaunta nyembamba, mashine ya kusagia lenzi, na viti viwili vya wateja. Mzee mmoja alikuwa amekaa anasubiri miwani yake, macho yake matupu yakipepesa. Fundi aliniona, akamaliza kusaga alichokuwa anasaga, akazima mashine.

“Karibu, Daktari. Macho yanasumbua?”

“Shikamoo, Fundi.”

Kidogo ashtuke, sikuwahi kumpa shikamoo. “Marahaba.”

“Naomba tuzungumze. Hata nje, dakika mbili.”

“Nina mteja.”

Basi nikaisogelea kaunta, nikashusha sauti. Nikamwambia kuhusu barua. Nikamwambia alikuwa sahihi, tena mpaka kwenye zile nyota mbili. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

Alinisikiliza huku akifuta lenzi kwa kitambaa. “Uliangalia?” aliuliza.

“Nini?”

“Siku ile ulisema utaangalia. Uliangalia?”

Ningeweza kusema hapana. Hapana ingekuwa nyepesi. Ningekuwa mtu mvivu, mwenye shughuli nyingi. Mzee wa miwani alikuwa ameacha kupepesa macho, anasikiliza.

“Niliangalia,” nikasema. “Siku kumi. Nikaona. Nikafunga.”

Fundi aliweka lenzi chini. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake ukibadilika, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

“Mimi miezi yote hii,” alisema, “nilidhani hukuamini tu. Nikasema, basi, hajaniamini, na ana haki, mimi ni nani? Kumbe uliniamini.” Akakikunja kitambaa. “Uliniamini, halafu ukawafanya watu wanicheke.”

“Naomba unisamehe.”

“Unanong’ona,” alisema. “Siku ile hukunong’ona.”

Akawasha mashine.

Jioni ile nyumbani binti yangu alikuwa anapiga pasi sare zake. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, pasi ikiwa juu mkononi.

“Baba, mimi nilicheka,” alisema. “Siku ile. Wote walicheka, na mimi nikacheka sana, kwa sababu wewe ndiye uliyesema. Mwenzangu wa pembeni hakucheka, nikamsukuma kwa kiwiko acheke.” Akaiweka pasi. “Sasa mimi nikamwambie nini?”

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba aibu yangu nimeigawa, kila aliyecheka nimempa kipande chake bila yeye kujua.

Alhamisi iliyofuata niliomba nafasi katika mkutano wa idara, ukumbi uleule. Niliwaandikia wote walioalikwa mara ya kwanza. Redio waliniambia watatafuta muda, na bado wanautafuta. Walikuja watu kumi na saba. Binti yangu alitoroka kipindi cha mwisho akaja, akasimama nyuma kwa sababu hakutaka kukaa. Nilionyesha mchoro wangu, kisha nikaonyesha wa Fundi, nukta zake za penseli zimekuzwa ukutani. Nikaeleza kwamba jitu limetulia, ni nyota ya kawaida, hafifu, imezeeka vizuri, haina neno na mtu. Mpaka hapo walikuwa wananitazama kwa huruma, wengine wanatikisa kichwa kuonyesha kwamba kukosea ni kwa kila mtu. Nikasema, “Haya niliambiwa siku tisa kabla ya mhadhara. Nikapima, nikajua ni kweli. Aliyeniambia nikamfanyia mzaha mbele yenu.”

Vichwa vikaacha kutikisika. Mkuu wa Idara alikusanya karatasi zake akatoka kwanza, na wiki hiyo hiyo nikapata barua ya kuniondoa kwenye usimamizi wa darubini. Sikuipinga. Wanafunzi waliendelea kuniita Jitu, ila sasa walisema nikishapita.

Marekebisho nilikuwa bado sijayaandika. Nilirudi kwa Fundi, nikamwambia nataka jina lake litangulie, la kwangu lifuate. Alikwishasikia habari za Alhamisi. Mji wenyewe mdogo, na muuza vitambaa alikuwa na mpwa wake chuoni. Hakunisifu.

“Jina langu sitaliweka kwenye kitu ambacho sijakisoma,” alisema. “Lete. Kila mstari.”

Nilileta. Ilikuwa asubuhi yenye wateja. Alinionyesha mahali pa kusimama, pembeni ya mashine, kwa kuwa viti vilikuwa vya wateja, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akifika kwenye neno asilolijua aliniuliza, nikamweleza, akaendelea. Mteja akiingia aliacha, akamhudumia, akarudi palepale alipoachia. Nilisimama kwa muda wa karibu saa mbili. Binti yangu nilikuja naye. Alikuwa ameomba radhi mlangoni kwa sentensi moja, akilia, na Fundi alikuwa amemshika bega akampa kazi ya kupanga fremu kwa ukubwa.

Ukurasa wa pili kidole kilisimama.

“‘Iligundulika kwamba jirani ana badiliko.’ Iligundulika na nani?”

“Na wewe.”

“Basi andika.”

Nikaandika. Akasoma tena, akasimama tena.

“Hapa. ‘Kosa lilitokea katika uchaguzi wa nyota ya kulinganishia.’ Kosa hutokea lenyewe? Kama mvua?”

“Ndivyo tunavyoandika, Fundi. Ndiyo lugha ya majarida.”

Hakubishana. Alinisukumia karatasi na kalamu yake mwenyewe juu ya kaunta, akasubiri. Mama mmoja aliyekuja kuchukua miwani ya mumewe alikuwa nyuma yangu, anachungulia. Nikakata ile sentensi, nikaandika *nilikosea*. Fundi alitazama.

“Na lile la siku kumi?”

“Lile si la kisayansi. Hawatalichapa.”

“Wasipolichapa ni wao. Wewe liandike.”

Nikaandika: *Nilipima siku kumi, nikaona, kisha* Masikio yaliniwaka moto, na yule mama nyuma yangu akauliza kama zamu yake bado. “Bado kidogo, mama,” Fundi akamwambia. “Huyu anamalizia neno moja.”